Mgeni wa 2007 katika nyumba ya 1984

Wiki iliyopita nilipoteza video ya matanga. Familia moja ya hapa Lurambi ilinilipa nirekodi siku nzima. Pesa nimewarudishia, lakini sauti za dada wakimuaga kaka yao hazirudishwi kwa M-Pesa. Kosa ni langu, na nimekaa siku tatu nikisoma lilikotoka.

Mpango wangu ni wa kawaida kwa vijana wa kazi hii: kompyuta ya mezani ya mitumba yenye diski kubwa, na laptop inayoendesha Linux nyingine ndani yake, yaani mashine pepe. Mashine pepe inamaunti diski za ile ya mezani kupitia NFS, kwa hivyo folda ya mbali inaonekana kama iko ndani.

NFS ilitoka Sun Microsystems, Marekani, mwaka 1984. Diski zilikuwa ghali sana, hata Sun waliuza kompyuta zisizo na diski kabisa, zikitegemea ya seva. (Huku kwetu simu ya mezani tu ulikuwa unaililia kwa Shirika la Posta na Simu.) Sasa, seva ikizima je? Wahandisi wakaamua seva isikumbuke chochote. Kila ombi lijieleze lenyewe: faili gani, kuanzia wapi, baiti ngapi. Seva ikianguka, mteja anarudia ombi lile lile mpaka ajibiwe. Hata irudi baada ya saa mbili, kazi inaendelea pale ilipoachia. Ungedhani watu hao waliwahi kuishi Kakamega, ambako mvua ya saa tisa ikianza, stima nayo inaaga.

Huko kurudia bila kuchoka ndiko kunaitwa hard. Kuna pia soft: mteja akisubiri akachoka, anaiambia programu imeshindikana. Mimi niliweka soft. Kila stima ikipotea mashine pepe ilikuwa inaganda, na jamaa fulani kwenye video akasema hiyo ndiyo dawa. Basi mvua ikaja. Kompyuta ya mezani ikazima, laptop ikabaki na betri. Kunakili kukafeli, skripti yangu haikuangalia kosa, ikashuka mstari uliofuata: kufuta kadi ya kamera. Kesho yake nikarekodi harusi juu ya kadi hiyo hiyo. Kule kuganda nilikoona ni ugonjwa ndiko kulikuwa kunanilinda.

Hilo la pili limenisumbua zaidi, ingawa halijanipotezea kitu. Februari 2007 KVM iliingia ndani ya Linux, toleo la 2.6.20. Ni mwaka ule ule Masinde Muliro ilipokuwa chuo kikuu kamili, na M-Pesa ikaanza Machi. IBM walikuwa wameendesha mashine pepe miongo mingi nyuma, ila kwenye mitambo mikubwa. KVM iliiwezesha Linux yenyewe kuwa mwenyeji kwenye kompyuta ya kawaida, na mashine pepe kuwa mgeni wake.

Lakini NFS ilikuwa imebeba imani ya Unix ya zamani: ni msimamizi pekee, root, anayeweza kufungua mlango wa mtandao wenye namba chini ya 1024. Ombi likitoka huko, liaminike. Mgeni aliye nyuma ya NAT hana bahati hiyo. Mwenyeji anamwombea kwa niaba yake na kumbadilishia namba, ombi linafika na mlango wa namba kubwa, seva inalifukuza. Wengi wetu tunaongeza neno insecure kwenye /etc/exports na kusonga mbele.

Neno linatisha, lakini kwa maoni yangu linaondoa kufuli ambalo lilishavunjika. Leo kila mwenye laptop ni root wa laptop yake. Kinachofaa ni kutaja anwani chache zinazoruhusiwa, au Kerberos, ambayo toleo la 4 la mwaka 2000 liliwalazimu watengenezaji kuiweka. Kinachonikera ni kwamba tunafundishana neno lenyewe bila kuambiana lilikuwa linalinda nini.

Nimerudisha hard. Jana stima ilipotea dakika arobaini, faili likaganda katikati, halafu likamalizika lenyewe. Nililinganisha na la kwenye kadi, yako sawa. Dada mkubwa wa marehemu bado hashiki simu yangu.