Kabla hujalipa kodi ya meza: historia fupi ya ofisi za pamoja

Najua nimekuwa kimya, mnisamehe. Huku Uingereza tarehe 31 Januari ndiyo siku ya mwisho ya watu waliojiajiri kupeleka hesabu zao za kodi, na mimi kazi yangu ndiyo hiyo, kuwapangia wenye maduka na saluni vitabu vyao. Mwezi huo wote nilikuwa silali. Sasa nimepumua, tuzungumze.

Leo nimerudi kwa sababu ya ujumbe wa mpwa wangu, yule mtoto wa dada aliyemaliza chuo na sasa anachora nembo na mabango kwa kompyuta. Ameniandikia: "Shikamoo mjomba. Nimepata ofisi Mikocheni, zile za pamoja. Ni laki mbili na nusu kwa mwezi, nikilipa mwaka mzima wananihesabia miezi kumi tu. Naomba unikopeshe, nitakurudishia." Nikapiga hesabu, milioni mbili na nusu. Sikumjibu siku ile. Siyo kwamba sina imani naye, mtoto anajituma. Ila mimi mwenyewe niliwahi kuungua na kitu hicho hicho, nitawasimulia. Nikaona badala ya kumjibu yeye peke yake, niandike hapa tusome wote, maana najua na wengine mnafikiria hivyo.

Kwanza kwa wale wasiozijua. Ofisi ya pamoja, wenyewe huku wanaziita coworking, ni mahali ambapo hukodi chumba, unakodi meza. Unaweza kukodi kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi. Intaneti, umeme, choo, jiko la chai na chumba cha mikutano mnatumia wote. Pembeni yako anakaa mtu wa kampuni nyingine kabisa. Msishangae sana, sisi tunalo zamani. Nendeni Kariakoo, fremu moja ina wakala wa kutuma pesa, fundi simu, mwenye steshenari na dada wa vitenge, wote wanachangia kodi. Fundi cherehani anayeweka mashine yake kwenye kibaraza cha duka la mtu naye ni mpangaji wa meza.

Hapa London mambo haya yalianzia kwenye kahawa. Katikati ya mji wa zamani, karibu na mtaa wa Cornhill, kuna kichochoro kinaitwa St Michael's Alley. Mwaka 1652 mtu mmoja aitwaye Pasqua Rosée alifungua hapo nyumba ya kwanza ya kahawa London. Alikuwa mtumishi wa mfanyabiashara Daniel Edwards, aliyekuwa akifanya biashara Smyrna, mji ambao leo ni Izmir, Uturuki. Bosi alizoea kahawa huko, akarudi nayo pamoja na mtu wa kuipika. Mimi nimefika pale, siku hizi kuna baa, na ukutani wameweka kibao cha kumbukumbu. Nilisimama nikamkumbuka yule mzee wa kwetu anayepita jioni na dele lake akigonganisha vikombe. Kahawa ni ile ile, imetoka upande wa Yemen na Waarabu, moja ikaja pwani kwetu, nyingine ikaenda Ulaya.

Sasa angalieni watu walivyofanya. Kikombe kilikuwa peni moja. Ukilipa hiyo peni unakaa, unasoma magazeti, unasikiliza habari za meli, unaandika barua zako, unapatana na mteja. Wengi hawakuwa na ofisi, nyumba ya kahawa ndiyo ilikuwa ofisi. Na kila kazi ikawa na nyumba yake. Watu wa meli walikwenda kwa Edward Lloyd, aliyekuwa na nyumba yake Tower Street miaka ya 1680, kisha mwaka 1691 akahamia Lombard Street. Manahodha, wenye meli na wenye mitaji walikaa meza moja, na waliokuwa tayari kubeba hasara ya safari wakaweka sahihi zao chini ya karatasi. Hapo ndipo ilipotoka Lloyd's, soko kubwa la bima mpaka leo. Tusisahau upande wa pili pia, kati ya meli zilizokatiwa bima huko zilikuwemo za kubeba watumwa, na mwaka 2020 Lloyd's waliomba radhi kwa hilo.

Wanunuzi na wauzaji wa hisa wao walikuwa kwa Jonathan, kwenye kichochoro cha Exchange Alley. Mwaka 1698 John Castaing alianza kutoa pale orodha ya bei za hisa na bidhaa. Mwaka 1773 madalali hao walipata jengo lao wenyewe, na hilo ndilo likaja kuitwa Soko la Hisa. Mfalme Charles II aliziogopa sana nyumba hizi, akasema watu wanakaa humo kusema vibaya serikali. Desemba 1675 akatoa amri zifungwe zote. Kelele zilizopigwa na wafanyabiashara zilikuwa kubwa mpaka akairudisha amri ndani ya siku chache tu, kabla haijaanza kutumika.

Nimeanza mbali makusudi. Somo la kwanza liko hapo. Mtu hakwenda kwa Lloyd kwa sababu kahawa yake ni tamu zaidi, alikwenda kwa sababu watu wa meli wako hapo. Mpwa wangu, hiyo shika.

Haya, turuke mbele. Mwaka 1989 Mwingereza Mark Dixon alianzisha kampuni ya Regus mjini Brussels. Aliwaona wafanyabiashara wasafiri wakifanyia kazi mikahawani, akaona hapo kuna pesa. Akakodi ghorofa, akaligawa vyumba vyenye samani na simu na mtu wa mapokezi, akawapangisha kwa muda mfupi. Biashara ikakua haraka. Kisha kampuni za intaneti zikaanguka kuanzia mwaka 2000, wapangaji wake wakaondoka, lakini yeye mikataba yake na wenye majengo ilikuwa ya miaka mingi. Januari 2003 tawi lake la Marekani likaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai. Lilinusurika, na leo kampuni mama inaitwa IWG. Shikeni na hili pia: anayewapangisha kwa mwezi, yeye mwenyewe amepanga kwa miaka.

Lakini za Regus zilikuwa vyumba, kila mtu na mlango wake. Ofisi ya pamoja kama tunavyoijua ilianza San Francisco tarehe 9 Agosti 2005. Kijana mmoja mtengenezaji wa programu, Brad Neuberg, alikuwa na tatizo ambalo mimi nalijua vizuri. Akiajiriwa anapata watu wa kufanya nao kazi lakini hana uhuru. Akijiajiri anapata uhuru lakini anakaa peke yake. Akataka vyote viwili. Akapata nafasi kwenye nyumba ya kikundi cha wanawake iliyoitwa Spiral Muse, kwa dola 300 kwa mwezi, siku mbili tu kwa wiki. Akapanga meza, akaweka intaneti, chakula cha mchana cha pamoja, hata muda wa kutafakari. Basi bwana, mwezi wa kwanza hakuja hata mtu mmoja! Alikaa na meza zake. Akatoka akagawa matangazo mikahawani mpaka wakaanza kuja mmoja mmoja. Baada ya mwaka hivi mahali pale pakafungwa, wakahamia pakubwa zaidi palipoitwa Hat Factory. Mwaka huo huo wa 2005 hapa London ikafunguliwa The Hub, mtaa wa Islington, kwa watu wenye kazi za kusaidia jamii. Leo inaitwa Impact Hub na iko nchi nyingi.

Kwetu Afrika Mashariki mlango ulifunguliwa na nyaya za intaneti za chini ya bahari zilizofika mwaka 2009. Machi 2010 Erik Hersman, mmoja wa waanzilishi wa Ushahidi, akafungua iHub Nairobi, barabara ya Ngong. Ikawa kama kwa Lloyd, ukimtafuta mtu wa programu Nairobi unakwenda huko. Mwaka 2019 ikanunuliwa na CcHub ya Lagos. Dar nako ikaja Buni Hub kwenye jengo la COSTECH, Kijitonyama, halafu zikafuata nyingine nyingi.

Kisha ikaja WeWork, na hapa ndipo pa kujifunza zaidi. Adam Neumann na Miguel McKelvey waliianzisha New York mwaka 2010. Januari 2019 ikasemekana thamani yake ni dola bilioni 47. Agosti mwaka huo ikatoa hesabu zake ili iuze hisa kwa umma. Sisi watu wa mahesabu tulizisoma kama gazeti la udaku. Kodi ambazo kampuni ilikuwa imeahidi kuwalipa wenye majengo miaka ya mbele zilikuwa dola bilioni 47, wakati pesa ambazo wapangaji wake walikuwa wameahidi kuilipa zilikuwa kama bilioni 4 tu. Septemba mauzo ya hisa yakaahirishwa, Neumann akaachia ukuu. Likaja janga la korona, meza zikabaki tupu. Novemba 2023 ikaomba kinga ya kufilisika, na Juni 2024 ikatoka ikiwa ndogo zaidi. Ugonjwa ni ule ule wa Regus wa mwaka 2003.

Sasa niwaambie yangu. Mwaka 2012 nilikuwa nimejiajiri miaka miwili, nafanyia kazi chumbani, meza iko miguuni mwa kitanda. Kuna siku nilikuwa sizungumzi na mtu mpaka jioni, nikasikia sauti yangu imekauka nilipompigia mama. Nikapata meza mashariki ya London, mahali pazuri, kuta za matofali, kahawa bure. Nikalipa mwezi mmoja na dhamana ya miezi miwili, jumla pauni 540. Mwezi wa tano nikafika asubuhi, kufuli limebadilishwa. Mwenye jengo alikuwa hajalipwa kodi. Ndani kulikuwa na sanduku langu lenye risiti za wateja. Nililipata baada ya siku tisa za kubembeleza. Dhamana sikuiona mpaka leo.

Nilipousoma mkataba vizuri, nikiwa nimechelewa, nikakuta mimi si mpangaji hata kidogo. Nilikuwa nimepewa ruhusa ya kutumia mahali, basi. Mpangaji ana ulinzi wake kisheria, mwenye ruhusa anaweza kutolewa kwa taarifa fupi tu. Ofisi nyingi za namna hii ndivyo mikataba yao ilivyo.

Kwa hiyo mpwa wangu, majibu yangu ni haya. Kwanza, usilipe mwaka. Ile miezi miwili ya bure ni mkopo unaompa mwenye ofisi bila dhamana. Waulize jengo ni lao au wamepanga, na mkataba wao umebaki muda gani. Wakikasirika kwa swali hilo, umeshajibiwa.

Pili, piga hesabu. Umesema kwa siku ni elfu kumi na tano, na wewe unakwenda siku mbili kwa wiki, siku nyingine uko kwa wateja. Hiyo ni siku tisa kwa mwezi, laki moja na elfu thelathini na tano. Malipo ya laki mbili na nusu yanaanza kukufaa ukifikisha siku kumi na saba. Jumlisha na nauli ya kutoka Mbagala na chakula.

Tatu, nenda kakae siku moja, tena siku ya kazi saa nane mchana, siyo asubuhi wakati kila kitu kimya. Pima intaneti watu wakiwa wamejaa. Umeme ukikatika, jenereta inawaka baada ya muda gani, na inawasha nini? Kuna mahali pa kupigia simu bila kusikiwa na watu kumi? Vitu vyako vinafungiwa wapi? Nyaraka za mteja usiziache kabisa, nimeshakueleza kwa nini.

Nne, angalia nani wamekaa hapo. Wewe unachora nembo. Kama pale wapo watu wanaofungua biashara, hao ni wateja wako. Kama wote ni wachoraji, mtagombania wateja hao hao, ingawa na kujifunza kupo. Mimi pamoja na hasara ile, pale nilikutana na Mghana mmoja mwenye kampuni ya kusafirisha mizigo, na mpaka leo vitabu vyake naviandika mimi. Pauni 540 alishazirudisha mara nyingi bila kujua. Ndiyo maana sikukatazi.

Nimemtumia dada pesa ya mwezi mmoja wa siku tisa tisa, na nauli juu. Mwezi ukiisha niandikie umezungumza na watu wangapi na wangapi wamekupa kazi, tutaamua wa pili. Milioni iliyobaki ninayo hapa, haijaenda popote.

Na dada, ukisoma hapa usimwambie mtoto kwamba nimekuwa bahili. Wasalimieni wote, hasa mama. Tukijaliwa wiki ijayo nitawaletea picha za kile kichochoro cha kahawa. Alamsiki.