Panda Gari: Amri Iliyobaki Kampala

Kila muhula tunapofika kwenye hali ya kuamuru, tunatoa mifano ya kawaida: soma kitabu, funga mlango, panda gari. Hapa Kampala mfano huo wa tatu haupiti hivi hivi. Vijana huuandika na kuendelea. Wenye umri mkubwa, hasa waliokulia Luwero au vitongoji vya jiji, huinua macho.

Kama tujuavyo, vita vya msituni vilianza Februari 1981, wapiganaji wa Yoweri Museveni waliposhambulia kambi ya Kabamba, vikaisha Januari 1986 walipoiteka Kampala. Katika miaka hiyo askari wa serikali walikuwa wakizingira mtaa, wakiwatoa watu majumbani na kuwaamuru kwa Kiswahili, lugha ya jeshi tangu enzi za King's African Rifles: panda gari! Watu walipakiwa kwenye malori wakapelekwa kambini kuchujwa, ili ajulikane nani anawasaidia waasi. Baadhi walirudi. Wengine hawakurudi, na jamaa zao hawakupewa jibu. Msako wenyewe ukaitwa panda gari, hata na watu wasiojua neno jingine la Kiswahili.

Ilikuwa siri ya ajabu, maana kukamatwa kulifanyika mchana kweupe, majirani wakiona. Kilichofichwa ni mwisho wa safari. Mwaka 1985 shirika la Amnesty International lilichapisha ushahidi wa mateso, serikali ikakanusha. Miongoni mwa mahali palipotajwa na walionusurika ni hoteli ya Nile Mansions, ambayo leo ni Kampala Serena, mahali pa makongamano na karamu.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Oktoba 1972 askari wa Idi Amin walimchukua Frank Kalimuzo, Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, na hakuonekana tena. Amin mwenyewe aliunda tume mwaka 1974, chini ya Jaji Saied, kuchunguza waliopotea. Ripoti yake hakuichapisha. Tume ya Jaji Arthur Oder, iliyoundwa 1986, ilisikiliza mashahidi hadharani, na ripoti ikatoka 1994. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini waliofikishwa mahakamani ni wachache mno, na aliyemchongea jirani yake wakati wa msako huenda bado wanateka maji bomba moja.

Aliyebebeshwa lawama ni lugha. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha kifundishwe shuleni kwa lazima. Hata hivyo bado tunawasikia wazazi wakikiita lugha ya askari na wezi. Sisi walimu tulizoea kusema huo ni ujinga. Tulikosea. Mzazi huyo hana ugomvi na ngeli. Anakumbuka sauti mlangoni. Ni kweli pia kwamba Aprili 1979 watu wa Kampala waliwashangilia askari wa Tanzania, ambao nao walizungumza Kiswahili, lakini kumbukumbu haipimwi kwa mizani ya duka.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka uleule wa 1981. Humo imo panda ya mbegu, imo na panda ya kukwea. Hii ya Kampala haimo, kwa hiyo tumeanza kuieleza kwa mdomo, kabla ya kufungua mazoezi.