Adabu za Kuuliza: Kaya, Darsa na Fomu ya Utafiti Kwale

Mwaka 1854 mmishonari Mjerumani Jakob Erhardt alikaa Tanga, kusini ya Vanga, akiwauliza watu wa misafara habari za bara. Wa njia hii walimwambia kwamba safari huishia kwenye maji makubwa. Wa njia ile nao wakasema vivyo hivyo. Erhardt na mwenzake Johannes Rebmann wa Rabai wakachora ramani, ikachapishwa Ulaya, na katikati ya Afrika Mashariki ikaonekana bahari moja kubwa mno. Wapelelezi Burton na Speke walipokwenda bara mwaka 1857, na Livingstone alipofika Nyasa mwaka 1859, ilidhihirika kwamba maziwa ni mbalimbali: Tanganyika, Victoria na Nyasa. Watu wa misafara hawakusema uongo. Kila mmoja alieleza maji aliyoyajua. Lililokosekana ni maswali ya kufuatilia: maji hayo uliyaona mwenyewe au uliambiwa? Wenyeji wa ng'ambo ni nani? Yupo aliyeyazunguka?

Hata leo, wanafunzi wetu wanaotumwa vijijini Kwale kukusanya habari hufundishwa kwa bidii namna ya kuchambua majibu, na kwa haraka tu namna ya kuuliza. Naamini mpango huo umepinduka. Na katika pwani hii ya kusini ya Kenya yako mapokeo matatu ya kuuliza yanayostahili kuwekwa pamoja: la kaya, la darsa na la fomu ya utafiti. Kila moja limebuni kinga dhidi ya kosa fulani, na kila moja lina upofu wake.

Tuanze na kaya. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ulioko Diani, uliingia katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Mgeni anayeingia hujifunga kaniki, huongozwa na mtu wa kaya, na hatoki na kitu, hata jani. Ulimi nao una masharti. Kabla ya mzee kueleza lolote, hutaka kujua mgeni ametoka wapi, ni mtoto wa nani na habari hizo anazitakia nini. Anayekuja kuuliza huulizwa kwanza. Na yapo mambo, kama mahali lilipofukiwa fingo, yaani kago la kuilinda kaya, ambayo hataambiwa hata akiuliza kwa upole wote. Mapokeo haya yanajua kwamba habari ina wenyewe, na kwamba kukataa kujibu ni haki.

Wanahistoria waliokuja na daftari walikutana na ugumu wa aina nyingine. Thomas Spear alikusanya masimulizi ya wazee, na katika kitabu chake *The Kaya Complex* (1978) akaieleza historia ya Wamijikenda kuanzia Singwaya, upande wa kaskazini. Tayari mwaka 1972 R. F. Morton alikuwa ametilia shaka ukale wa simulizi la kutoka Singwaya. Mwaka 1993 Justin Willis akaonyesha jinsi watu wa Mombasa na majirani zao walivyojitambulisha kwa namna tofauti kadiri mahusiano ya kazi, udugu na siasa yalivyobadilika. Mabishano hayo hayayafanyi masimulizi ya wazee kuwa bure. Yanatuonya kuhusu swali lenyewe. "Mlitoka wapi?" limekwisha kukubali kwamba watu walihama, tena pamoja, tena kutoka mahali pamoja. Na katika Diani, ambako ardhi ya ufukweni imegombewa kwa miongo mingi, kuuliza nani alitangulia kufika ni kuuliza nani ana haki. Mzee analijua hilo kabla hujamaliza sentensi.

Darsa lina kinga nyingine. Katika Hadithi ya Jibrili, inayosomeshwa katika madrasa za Kwale kama kwingineko, mgeni mwenye nguo nyeupe sana anakaa goti kwa goti na Mtume na kumwuliza juu ya Uislamu, imani na ihsani. Anapouliza Kiyama ni lini, anajibiwa kwamba aulizwaye hajui zaidi ya aulizaye. Mgeni anapoondoka, masahaba wanaelezwa kwamba alikuja kuwafundisha dini yao. Basi muulizaji ni mwalimu pia, na kutojua ni jibu kamili lisilomvunjia mtu heshima. Mtafiti anayemsukuma mjibu mpaka aseme chochote amepoteza funzo hilo.

Wataalamu wa hadithi walikwenda mbali zaidi. Bukhari, aliyefariki mwaka 870, hakutosheka na habari peke yake. Alitaka kujua imepokewa kwa nani, naye kwa nani, na kama wapokezi hao walipata kukutana. Ramani ya Erhardt ingenusurika kwa swali kama hilo. Mzee wa Msambweni anaposema "tuliambiwa", swali linalofuata ni "na nani, ukiwa na umri gani, na wengine wa mlango wako wanalisimulia hivyo?"

Fomu ya utafiti imezaliwa kwingine, na nguvu yake ni usawa: kila mtu huulizwa jambo lile lile kwa maneno yale yale. Kielelezo chake kizuri kiko Kilosa, Tanzania, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1991. Ugonjwa ulikuwa kichocho cha mkojo, ambao watafiti wameufuatilia Msambweni pia tangu miaka ya 1980. Badala ya kupeleka vipimo kila shule, fomu zilipitishwa kwa walimu, nao wakawauliza watoto kuhusu dalili na maradhi, ikiwemo damu kwenye mkojo. Majibu yao yalitosha kuonyesha shule zilizoathirika zaidi, kwa gharama ndogo. Swali lilifaulu kwa sababu liliulizia jambo ambalo mtoto ameliona kwa macho yake, kwa lugha yake, na aliyeliuliza ni mtu anayemfahamu. Hata hivyo, msichana aliyevunja ungo anaweza kuona haya, au damu anayoitaja ikawa ya hedhi. Fomu haiwezi kuliona hilo yenyewe.

Udhaifu wa fomu huonekana zaidi shambani. "Shamba hili ni la nani?" linaonekana swali jepesi. Kwa Wadigo, urithi umepita katika sheria tatu: mila ya upande wa mama, ambapo mtoto wa dada humrithi mjomba, sheria ya Kiislamu, na hati ya serikali. Isitoshe, minazi yaweza kuwa ya mtu mmoja na ardhi ya mwingine. Anayetaka ukweli hana budi kuligawa swali: nani aliipanda minazi hii? Nani huangua nazi? Hati ina jina la nani? Nani akikataa, shamba haliuziki?

Wala kaya na darsa havina kinga dhidi ya kila kosa. Kaya humpa neno mwenye cheo na umri, na historia zilizochapishwa zimewategemea mno wazee wanaume. Mlolongo wa wapokezi nao waweza kumwacha nje mwanamke ambaye ameona mengi lakini hakuna aliyemnukuu. Hapo ndipo usawa wa fomu unapodaiwa.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: swali zuri ni lile linaloweza kumletea muulizaji jibu asilolitarajia, na mapokeo haya matatu yakiungana hulifikia vizuri kuliko lolote likiwa peke yake. Mwanafunzi, kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kinakupa ruhusa ya serikali. Ruhusa ya mwenye habari utaiomba mwenyewe, mlangoni kwake. Jitambulishe kabla hujauliza. Uliza alichokiona mtu kabla ya anachokidhani. Uliza amekipokea kwa nani. Kubali "sijui" na "sitasema", uyaandike yote mawili. Mwulize mama jikoni swali lile lile ulilomwuliza mzee barazani. Kisha rudi kijijini uwasomee ulichokiandika, wakusahihishe kabla hakijachapwa.