Ruashi: imbwa ya kuokotwa inapoogopa watu wa nyumba

Katika malupango ya Ruashi, imbwa nyingi haziingii kwa kununuliwa. Moja imeachwa na mpangaji aliyehama, nyingine imeokotwa kando ya barabara baada ya kupigwa mawe, nyingine imetolewa na jirani aliyeshindwa kuilisha. Mwenye lupango anaipokea juu anatafuta mlinzi wa usiku. Kumbe ile siku ya kwanza mlinzi mwenyewe anajificha nyuma ya mifuko ya makala, anatetemeka, hali chakula, na mtu akimkaribia anaonyesha meno.

Watu wanasema: "Ile imbwa iko mubaya." Mara nyingi si mbaya, inaogopa tu. Lakini woga ni sababu moja kubwa ya imbwa kuuma, na katika lupango lenye familia tatu ao ine, wa kwanza kuumwa ni mtoto. Kwa hiyo kuizoesha si mchezo wa watu wenye nafasi.

Woga unatoka wapi

Si kila imbwa yenye woga ilipigwa. Kuna zile ambazo hazikushikwa na mkono wa mtu zikiwa ndogo. Mwaka 1961 watafiti wa Marekani walieleza jaribio lao: watoto wa imbwa waliolelewa uwanjani bila kuguswa na watu mpaka wiki ya 14 walibaki kama wanyama wa pori, na kuwazoesha baadaye kulikuwa kazi ngumu sana. Wale walioanza kuonana na watu mapema kidogo walizoea bila shida. Ndiyo maana imbwa iliyozaliwa chini ya kontena na kukulia huko inaweza kumzoea mama wa nyumba na watoto wake, lakini isikubali kamwe mgeni aiguse kichwani. Inafaa kulijua hilo mapema, ili usiidai kisichowezekana.

Siku za kwanza

Lubumbashi wanajua kidogo habari za mnyama anayefika na woga. Tangu 2006 kituo cha J.A.C.K. kinapokea sokwe wadogo walionyang'anywa mikononi mwa wachuuzi. Kawaida ya vituo vya namna hiyo ni kwamba mnyama mpya hachanganywi mara moja na wengine: anapewa mahali pake, watu wachache wanaomhudumia, na muda. Kwa imbwa njia ni ile ile, tena bila gharama.

Tafuta kona yenye ukuta pande mbili, mbali na mlango wa barabara ambako malori na pikipiki zinapita. Manjanja juu, na mifuko mitupu juu ya manjanja, juu mvua ya Januari ikipiga hapo imbwa inaweza kukimbia usiku huo huo. Mwezi wa 6 na wa 7 usiku una baridi, weka blanketi ya zamani. Maji yawepo siku zote. Chakula kiletwe na mtu mmoja, saa zile zile: bukari na vichwa vya ndakala vinatosha kwa kuanza. Mifupa ya kuku iliyopikwa usiitoe, inapasuka vipande vikali na kutoboa tumbo.

Mnyororo mfupi ni kosa linaloonekana kila avenyu. Imbwa inayoogopa ina njia mbili, kukimbia ao kuuma. Ukiifunga ishindwe kukimbia, umeiachia kuuma peke yake. Kamba ya mita kadhaa ni bora, na kola ambayo vidole viwili vinapita chini yake. Mlango wa lupango ufungwe kila mara wiki za kwanza, maana imbwa ambayo haijajua kwamba hapo ndipo kwao, ikitoka hairudi.

Halafu, kaa. Kaa chini ubavu-ubavu, usiitazame machoni, itupie kipande cha samaki, uondoke. Kesho tena, karibu kidogo. Usiivute kutoka mafichoni, wala usimwache mtoto aiingilie huko. Siku itakapokuja yenyewe kunusa mkono, iguse kifuani ao pembeni ya shingo, si juu ya kichwa. Walezi wengi wana hesabu yao ya siku 3 za kutulia, wiki 3 za kujua mwendo wa nyumba, miezi 3 ya kuamini. Ni makadirio tu. Kuna zinazochukua mwaka.

Kusoma mwili wake

Mkia katikati ya miguu kila mtu anaujua. Dalili ndogo ndizo zinawapita watu: imbwa inalamba midomo bila chakula, inapiga miayo bila usingizi, inageuza kichwa huku weupe wa jicho unaonekana, ao inaganda kama jiwe. Hapo rudi nyuma. Ikinguruma, usiipige. Mngurumo ni onyo, na imbwa iliyopigwa kwa kunguruma inaweza kujifunza kuuma bila kuonya.

Kuna wanaotia pilipili kwenye chakula eti iwe kali. Pilipili inaunguza tumbo, basi. Imbwa yenye woga inabwekea kila kitu, hata kuku wa jirani, mpaka mwenyewe anaacha kutoka nje kuangalia. Mwizi anapenda sana imbwa ya namna hiyo.

Balokateri nao waambiwe, wote, na siku ile ile: hakuna kuipiga, hakuna kuitupia vitu, watoto wasiikaribie inapokula. Mtu mmoja anayeichokoza akirudi kutoka kinyweo anaharibu kazi ya mwezi mzima.

Chanjo kwanza

Kabla ya yote haya, kichaa cha mbwa. Imbwa ya kuokotwa haina karatasi, na ugonjwa unaweza kukaa mwilini wiki ama miezi kabla ya kuonekana. Ipeleke kwa veterineri ndani ya siku chache; Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya mifugo, na wataalamu wake wanapatikana mjini humu. Chanjo inatolewa kuanzia miezi 3, kinga inahitaji wiki kadhaa kukomaa, na inarudiwa. Dawa ya minyoo itolewe pamoja.

Woga wa kawaida unapungua polepole. Imbwa iliyokuwa imeanza kutulia, halafu ghafla inabadilika, inatoka mate mengi, sauti inakwaruza, inashindwa kumeza ao inauma hata vijiti, usiiguse. Fungia watoto ndani na mwite veterineri.

Mtu akiumwa ao kukwaruzwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, halafu hospitali siku ile ile. Jiwe jeusi haliui virusi, na dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Imbwa nayo, kama inaweza kufungwa salama, isiuawe na kutupwa: iangaliwe siku 10. Ikiwa bado nzima siku ya 10, haikuwa ikiambukiza siku ilipouma, na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki.