Baraza la mji mdogo: Lilivyoamua mambo ya kila siku, na nani anayeyaamua sasa

CHOO cha soko kinapofurika, taa ya barabarani inapozimika au jaa la taka linapokaribia mlango wa zahanati, mkazi wa mji mdogo huuliza swali moja: Nani wa kuambiwa?

Hadi Machi 2013, jibu lilikuwa jepesi, ijapokuwa halikuridhisha kila mara. Aliyestahili kuambiwa alikuwa diwani wa wadi, na mahali pa kuamulia palikuwa ukumbi wa baraza la mji. Mabaraza hayo yalivunjwa baada ya Uchaguzi Mkuu wa Machi 4, 2013, ulioanzisha serikali za kaunti. Hata hivyo, mambo yaliyokuwa yakijadiliwa humo hayakuvunjwa nayo. Soko lingali soko, taka zingali taka, na mwenye kibanda angali anahitaji kibali. Kilichobadilika ni mlango wa kubisha.

Baraza lilikuwa chombo gani?

Mabaraza yaliendeshwa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265. Kufikia miaka ya mwisho ya mfumo huo, nchi ilikuwa na mabaraza 175 ya aina nne: ya jiji, ya manispaa, ya miji na ya kaunti. Mabaraza ya kaunti ya wakati huo yasichanganywe na serikali za kaunti za leo. Hayo yalisimamia maeneo ya mashambani na hayakuwa na gavana wala bunge.

Mabaraza ya miji yalikuwa ya sehemu kama vile Kikuyu, Karuri, Wote, Mariakani, Ol Kalou na Oyugis. Mengi yalikuwa na ofisi chache, wafanyakazi wachache na kituo cha magari kilichokuwa tegemeo kubwa la mapato.

Madiwani walichaguliwa na wapigakura wa wadi zao katika Uchaguzi Mkuu, siku moja na Rais na wabunge. Wengine waliteuliwa na Waziri wa Serikali za Mitaa. Madiwani wenyewe ndio waliomchagua mwenyekiti wao kwa kura ya siri. Manispaa ilikuwa na meya; mji ulikuwa na mwenyekiti.

Pembeni mwa mwenyekiti aliketi karani wa baraza. Huyu hakuchaguliwa na mtu yeyote mjini. Alikuwa mwajiriwa, na ndiye aliyeitisha vikao, kuandaa ajenda, kuandika kumbukumbu na kutunza muhuri. Mweka hazina alitunza vitabu vya fedha. Mpangilio huo ulikusudiwa kutenganisha mambo mawili: diwani aamue, afisa atekeleze. Pale ambapo mpaka huo haukuheshimiwa, mji ulilipa gharama.

Safari ya ombi moja

Ili kuelewa utaratibu wenyewe, tuchukue mfano wa mwanamke muuza mboga aliyetaka kupewa kibanda ndani ya soko badala ya kuketi kando ya barabara.

Hatua ya kwanza ilikuwa barua kwa karani. Barua ilipigwa muhuri wa kupokelewa, ikawekwa kwenye faili na kuorodheshwa katika ajenda ya kamati iliyohusika. Kwa kawaida baraza liligawa kazi zake kwa kamati: moja ya fedha, nyingine ya masoko na afya ya umma, na nyingine ya mipango ya mji na ujenzi. Baraza dogo liliweza kuziunganisha ili madiwani wake wachache watoshe.

Kabla ya kamati kuketi, afisa wa soko alitakiwa kueleza kama kulikuwa na nafasi, ni nani waliotangulia kuomba na ada ilikuwa kiasi gani. Kamati ikijadili, ikipitisha uamuzi, nao uamuzi huo ukaandikwa kwa nambari. Ikiwa jambo lilihitaji fedha, mathalani kujenga safu mpya ya vibanda, lilipaswa kupitia pia kamati ya fedha.

Uamuzi wa kamati haukuwa wa mwisho. Kumbukumbu zake zilipelekwa mbele ya baraza zima, ambapo kila kipengele kiliweza kuidhinishwa, kukataliwa au kurudishwa kwa kamati kujadiliwa upya. Tofauti na vikao vya kamati, kikao cha baraza zima kilikuwa wazi kwa umma na kwa wanahabari. Baada ya hapo karani alimwandikia mwombaji barua ya majibu.

Sheria ilimtaka diwani mwenye maslahi ya kifedha katika jambo lililokuwa mezani ayatangaze na asishiriki kulipigia kura. Diwani ambaye mkewe aliomba kibanda kilekile, au ambaye kampuni yake iliwania zabuni ya kuzoa taka, alipaswa kukaa kando.

Mtu asiyezoea shughuli za ofisi angeona safari hiyo kuwa ndefu mno kwa ajili ya kibanda kimoja. Lakini kila hatua iliacha maandishi. Muuza mboga aliyenyimwa nafasi angeweza kujua ni kikao kipi kilichomnyima, kwa uamuzi wa nambari gani, na diwani wake alikuwepo au hakuwepo.

Fedha zilitoka wapi?

Udhaifu mkubwa wa mabaraza madogo haukuwa katika taratibu bali katika mfuko. Miaka michache baada ya uhuru, sheria ya 1969 iliyahamishia kwa serikali kuu majukumu ya elimu ya msingi, afya na barabara yaliyokuwa mikononi mwa mabaraza mengi, isipokuwa manispaa chache kubwa. Vyanzo vikuu vya mapato navyo vilikwenda na majukumu hayo.

Mji mdogo ukabaki na ushuru wa soko, ada za kituo cha magari, ada za kichinjio, kodi za nyumba na vibanda vyake, kodi ya viwanja na leseni za biashara. Ushuru wa huduma ulioanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1980 ulileta nafuu, lakini ulifutwa mwaka wa 1999.

Pengo hilo lilizibwa kwa kiasi na hazina iliyojulikana kama LATF, iliyoundwa kwa sheria ya 1998. Kupitia hazina hiyo, asilimia 5 ya kodi ya mapato inayokusanywa nchini iligawanywa kwa mabaraza. Kila baraza, liwe dogo kiasi gani, lilipata Sh1.5 milioni za msingi. Sehemu kubwa iliyosalia iligawanywa kwa kuzingatia idadi ya watu.

Fedha hizo zilikuwa na masharti. Baraza lililochelewa kuwasilisha hesabu zake, orodha ya madeni yake na mpango wa kuongeza mapato lilipoteza sehemu ya mgao. Kuanzia mwaka wa 2001, mabaraza yalitakiwa pia kukutana na wakazi na kukubaliana nao kuhusu miradi, chini ya mpango ulioitwa LASDAP. Kwa wakazi wa miji mingi, hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kuulizwa rasmi kama wanataka daraja la miguu au taa za barabarani.

Katika kipindi hichohicho, leseni nyingi alizodaiwa mfanyabiashara ziliunganishwa kuwa kibali kimoja cha biashara, kilicholipiwa kulingana na aina na ukubwa wa shughuli.

Hata hivyo, baraza halikuwa huru. Bajeti yake ilihitaji idhini ya waziri, vivyo hivyo sheria ndogo zake. Serikali kuu iliweza hata kuwaondoa wawakilishi waliochaguliwa, kama ilivyotokea Nairobi, ambapo jiji liliendeshwa na tume iliyoteuliwa kuanzia 1983 hadi 1992.

Dosari zake

Ingekuwa makosa kuyasifu mabaraza kupita kiasi. Mengi yalikopa wasichoweza kulipa, yakachelewesha mishahara na kutowasilisha makato ya wafanyakazi. Sehemu kubwa ya mapato iliishia kwenye mishahara na marupurupu, mji ukabaki na mitaro iliyoziba. Nao askari wa baraza, maarufu kama kanjo, walikumbukwa na wachuuzi kwa misako kuliko kwa huduma.

Jambo zito zaidi lilikuwa ardhi. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka wa 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kinyume cha sheria kote nchini, na ardhi iliyokuwa chini ya mabaraza haikusalimika. Viwanja vilivyotengewa masoko, vyoo vya umma na bustani viligeuzwa mali ya watu binafsi. Kumbukumbu za vikao zilizokusudiwa kulinda mali ya mji zilitumiwa mara nyingine kuhalalisha uporaji wake.

Neno limebaki, kazi imebadilika

Katiba ya 2010 ilihamishia masoko, leseni za biashara, uzoaji wa taka, makaburi na huduma za zimamoto kwa serikali za kaunti 47. Wakazi sasa huchagua wawakilishi katika wadi 1,450, na wengi wangali wanawaita madiwani.

Hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Diwani wa zamani aliketi katika chombo kilichoamua na pia kusimamia utekelezaji. Diwani wa leo ni mwanachama wa bunge la kaunti. Kazi yake ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuichunguza serikali ya gavana. Hana mamlaka ya kumwagiza afisa afungue mtaro au ampe mtu kibanda. Anayemlaumu kwa taka zisizozolewa huenda analaumu asiyehusika moja kwa moja, ijapokuwa ana haki ya kumtaka amhoji anayehusika.

Miji yenyewe inasimamiwa chini ya Sheria ya Miji na Majiji ya 2011, iliyofanyiwa marekebisho mwaka wa 2019. Kwa marekebisho hayo, eneo linahitaji angalau wakazi 250,000 ili liwe jiji, 50,000 liwe manispaa na 10,000 liwe mji.

Manispaa huwa na bodi ya wanachama tisa pamoja na meneja. Baadhi ya wanachama huteuliwa na serikali ya kaunti kwa idhini ya bunge la kaunti, na wengine hutokana na mapendekezo ya makundi kama vile wataalamu, wafanyabiashara, sekta ya jua kali na vyama vya wakazi. Hakuna anayesimama mbele ya mpigakura wa kawaida kuomba kura. Mji wa hadhi ya chini ya manispaa husimamiwa na msimamizi akishirikiana na kamati.

Kwa maneno mengine, chombo kinachoamua mambo ya mji mdogo leo hakichaguliwi na wakazi wa mji huo kwa kura, na wale waliochaguliwa kwa kura hawaketi ndani yake. Wanaotetea mpango huu husema umeziondoa siasa za wadi katika usafi na mipango ya mji, na kwamba mwanachama wa bodi mwenye ujuzi hana deni la kura la kulipa. Wanaoupinga husema umemwondolea mkazi silaha pekee aliyokuwa nayo, yaani kumwangusha diwani mzembe baada ya miaka mitano. Kila upande una hoja, na sheria haijalimaliza suala hilo.

Mkazi afanye nini?

Barua ya malalamiko ipelekwe kwa msimamizi wa mji, au kwa meneja ikiwa ni manispaa, na nakala apewe afisa wa kaunti anayehusika na idara hiyo. Mwandishi asiondoke bila nakala yake iliyopigwa muhuri na tarehe.

Asipojibiwa, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa, na afisa anatakiwa kujibu katika muda wa siku 21. Kwa njia hiyo, mkazi anaweza kuomba kuonyeshwa kandarasi ya kuzoa taka, orodha ya waliogawiwa vibanda au kumbukumbu za bodi.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamruhusu mtu yeyote kuwasilisha ombi mbele ya bunge la kaunti. Hapo ndipo mwakilishi wa wadi anapokuwa wa manufaa, kwa kuwa ndiye anayejua taratibu za bunge hilo.

Kuhusu fedha, wakati ni muhimu. Mwaka wa kifedha huanza Julai 1. Waraka wa mikakati ya kifedha ya kaunti huwasilishwa kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Anayengoja hadi Agosti kulalamika kwamba choo cha soko hakikutengewa pesa amechelewa kwa mwaka mzima.

Ukumbi wa zamani wa baraza katika miji mingi sasa ni ofisi ya kaunti. Muuza mboga anayeingia humo leo na barua yake hatamkuta karani wa mji wala mwenyekiti. Bado ana haki ya kuuliza ni nani atakayeijadili barua hiyo, lini, na uamuzi utaandikwa wapi.