Mfuko Hautoshi: Mfanyabiashara, Mwanasiasa na Kura ya 2017 Mjini Maua

Katika maandishi kuhusu siasa za mashinani nchini Kenya, kuna dai lililozoeleka hivi kwamba halidaiwi tena ushahidi: mfanyabiashara wa mji mdogo huingia bungeni kwa nguvu ya mfuko wake, na hubaki huko mpaka mfuko ukauke. Joel Barkan alimweleza mbunge kama kiungo kati ya kijiji na serikali kuu, anayepimwa kwa harambee na miradi anayoileta. Jean-François Bayart akaenda mbali zaidi, akaiita siasa ya Afrika siasa ya tumbo. Kwamba fedha ina uzito, hakuna anayebisha. Ninachopinga ni kuifanya fedha jibu la kila swali.

Historia ya Meru, kaunti uliko mji wa Maua, yenyewe inalikana dai hilo. Jackson Angaine, aliyeitwa mfalme wa Meru, alishika Wizara ya Ardhi na Makazi tangu 1963. Ni wachache waliokuwa na cha kugawa kama yeye. Hata hivyo, mwaka 1979 wapiga kura walimwangusha.

Ushahidi mzito zaidi unatoka Igembe Kusini, eneobunge la mji wa Maua. Agosti 2017 John Paul Mwirigi, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye umri wa miaka 23, aligombea bila chama. Hakuwa na gari. Alifanya kampeni kwa miguu, na waendeshaji bodaboda wakamsaidia. Alipata kura 18,867. Rufus Miriti wa Jubilee, chama kilichotamba Meru mwaka huo, alipata 15,411. Raphael Muriungi, aliyewahi kuwa mbunge wa Igembe, aliambulia 2,278.

Kwa nini hapo, na kwa nini wakati huo? Nadai kwamba jibu limo katika biashara ya miraa. Miraa hupoteza nguvu ndani ya siku mbili hivi. Huchumwa, hufungwa kwa majani ya mgomba na kukimbizwa Nairobi, mara nyingi kabla mkulima hajaiona pesa yake. Hiyo ni mali kauli: mzigo hutangulia, malipo hufuata, na dalali asiyetimiza neno lake hapati mzigo wa kesho. Watu waliolelewa na soko hilo humpima mwanasiasa kwa kipimo hicho hicho. Uholanzi ilipiga marufuku miraa mwaka 2013, Uingereza ikafuata Juni 24, 2014. Viongozi waliahidi kuyarejesha masoko hayo. Sheria ya mwaka 2016 iliitambua miraa kuwa zao la biashara, lakini Uingereza haikufungua mlango. Uchaguzi wa 2017 ulikuwa wa kwanza tangu mlango huo ufungwe, na deni la ahadi lilikuwa limeiva.

Kuna pingamizi mbili. Kwanza, kiti kilikuwa wazi, kwa kuwa Mithika Linturi alikiacha akawania useneta na kushinda kwa tiketi ya Jubilee. Ni kweli, lakini kura ya seneta hupigwa na kaunti nzima, ambako wimbi la chama hubeba mtu; mbunge huchaguliwa na wanaomjua. Pili, wapinzani wanne wa Mwirigi waliomfuata walipata jumla ya kura 31,715, kwa hiyo ushindi wake haukuwa wa wengi. Hilo nalo linaiunga mkono hoja yangu: kama mfuko ungekuwa na amri inayodaiwa, mmoja wao angezikusanya kura hizo.

Mwaka 2022 Mwirigi alichaguliwa tena, safari hii kwa tiketi ya UDA. Inawezekana basi kwamba kura ya mtembea kwa miguu ni ya msimu mmoja tu, na chama humrudisha kila mtu zizini. Hata hivyo, lililotokea 2017 halifutiki. Mtafiti anayetaka kueleza maisha ya mfanyabiashara mwanasiasa wa Maua na aanzie sokoni, kwenye mali kauli, kabla ya kuhesabu harambee zake. Mfuko hununua umati wa mkutano. Neno lililotimizwa ndilo linalodumisha jina.