Sehemu ya Nini? Kutoa Sehemu katika Historia ya Kiswahili

Msamiati wa sehemu ulikomaa katika Kiswahili kwa njia ya soko na mirathi kabla ya kufika darasani. Nusu, robo, theluthi, sudusi na thumni ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Katika pwani ya Afrika Mashariki yalitumika kupimia bidhaa na kugawa urithi kwa sheria ya Kiislamu. Marehemu akiacha mjane na watoto wa kiume na wa kike tu, hulipwa kwanza madeni na wasia. Kisha mjane hupewa thumni, na watoto hugawana thumni saba zilizobaki. Hilo ni fumbo la kutoa sehemu, na kizima chake kimetajwa bayana: ni mali iliyobaki baada ya madeni na wasia.

Lugha ya saa nayo imehifadhi tendo hilo. Asemaye "saa tatu kasorobo" ametoa robo ya saa katika saa tatu. Kizima kimetangulia, upungufu umefuata. Darasani mpangilio hugeuka: agizo "toa robo katika nusu" hutaja kwanza kinachotolewa. Mwanafunzi anayeandika kwa kufuata mfuatano wa maneno atapata 1/4 − 1/2, ilhali kinachotakiwa ni 1/2 − 1/4.

Thumni ina funzo jingine. Maana yake ni sehemu ya nane, lakini nchini Tanzania likawa jina la sarafu ya senti 50, yaani nusu ya shilingi. Jina lilibaki, kizima chake kikabadilika.

Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia elimu yote ya msingi Tanzania, na mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa. Vitabu vya shule vikaeneza istilahi kama kiasi, asili na kigawe kidogo cha shirika hadi bara, mbali na pwani. Mkolani, kata ya wilaya ya Nyamagana jijini Mwanza, imo katika eneo la Wasukuma. Huko wapo watoto wanaokutana na istilahi hizo wakiwa na Kisukuma kama lugha ya nyumbani.

Na tuchukue fumbo hili: mfanyabiashara ana robo tatu ya gunia la mchele, akauza theluthi. Ikiwa ni theluthi ya gunia, kinachobaki ni 3/4 − 1/3, yaani 5/12 ya gunia. Ikiwa ni theluthi ya mchele alionao, ameuza robo ya gunia, na kinachobaki ni nusu. Majibu yote mawili yamekokotolewa sawasawa. Kinachoyatofautisha ni maneno ambayo mtunzi wa swali hakuyaandika. Mtoto wa Mkolani akikosa alama hapo, hajashindwa hesabu. Ufasaha wa swali ni wajibu wa mtunzi, na kipimo chake ni kimoja: kila sehemu itajwe pamoja na kizima chake.